Kona Iliyoachwa Wazi

Kuna watu wanaoiba fedha, na kuna watu wanaoiba kuku, na wote hao wana jela zao. Waya aliiba ngoma za mjomba wake, akazifuta zisisikike tena duniani, kisha akamkaribisha mjomba huyo huyo akae kitako azisikilize, tena amevaa shati lililopigwa pasi. Jela ya namna hiyo bado haijajengwa.

Waya ni jina la utani. Alipewa kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu tangu shuleni hakuonekana bila waya wa gitaa shingoni. Alikuwa mpiga gitaa na mtunzi wa bendi ya roki ya watu wanne: yeye mwenyewe, mwimbaji mmoja mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, mpiga besi aliyeitwa Kimya kwa kuwa aliweza kumaliza wiki nzima kwa maneno sita, na mpiga ngoma. Mpiga ngoma ndiye mjomba.

Msicheke. Najua mtasema, mjomba na bendi ya roki wapi na wapi? Lakini mjomba huyu, mdogo wake mama yake Waya, ndiye aliyemlea tangu ana miaka tisa, yeye na mkewe, ambaye Waya alimwita mama tu. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika gitaa, na ndiye aliyemshonea mfuko wa gitaa hilo kwa kitambaa kilichobaki kwenye kochi la mteja, kitambaa cha maua makubwa mekundu. Waya aliubeba mfuko ule miaka mingi akichekwa na wenzake, na mpaka leo ni huo huo, haujafumuka hata uzi mmoja. Mjomba alikuwa fundi makochi, na mkono wake haukuwa na mchezo.

Studio yenyewe ilikuwa stoo ya nyuma ya karakana yake. Bendi ilipoamua kurekodi albamu yake ya kwanza, nyimbo tisa, mjomba alihamisha mbao na magunia ya sufi, akazivisha kuta sponji za magodoro na mazulia chakavu, juu yake akashonea kitambaa kizito cha kijivu kwa sindano yenye urefu wa shibiri. Kazi ya siku nne. Fundi mitambo, bwana mmoja mnene na mpole aliyekuja na kompyuta na maikrofoni zake, alisifu kila kitu isipokuwa kimoja. Kona ya nyuma, juu ya mahali ngoma zilipopangwa, ilikuwa matofali matupu.

"Mzee, hapa umepasahau," akasema.

"Sijasahau," akajibu mjomba, uzi ukiwa mdomoni. "Chumba ukikifunika chote ni sawa na mtu uliyemziba pua na mdomo. Mwachie pa kupumulia."

Akapiga kofi moja. Kona ikaitikia, kidogo tu, sauti fupi na kavu kama ya mtu anayesema naam kutoka chumba cha pili.

"Umeisikia? Hiyo ndiyo itakayoipa ngoma yangu heshima."

Fundi mitambo naye akapiga kofi lake, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Alisoma kazi yake miaka miwili darasani na hakuna aliyemfundisha hilo.

Walirekodi siku sita, mchana, karakana ikiwa imefungwa. Walipiga wote pamoja ndani ya chumba kimoja, gitaa, besi na ngoma, maana Waya alisema roki ikipigwa vipande vipande hupoa. Kabla ya kila wimbo mjomba aligonganisha vijiti mara nne, akasema, "Haya, wanangu," na hapo basi, moto. Alipiga kafumba macho, ulimi nje kidogo kama anatunga uzi kwenye sindano. Waya hajawahi kupiga gitaa vile maishani mwake. Kila akiinua uso alimwona mzee anatoka jasho na kutabasamu, na vidole vyake mwenyewe vinakwenda mahali asipovituma.

Wiki iliyofuata fundi mitambo akamwita Waya peke yake.

"Keti. Sikiliza hapa."

Akamwekea wimbo wa kwanza. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Ilipofika ya tatu, fundi mitambo akaanza kugonga meza kwa kidole, taratibu, na Waya akasikia kile ambacho asingependa kukisikia. Mkono wa kushoto wa mjomba ulikuwa unachelewa. Kidogo mno, lakini ulichelewa, kisha mzee akajishtukia, akakimbia kuwahi, akapitiliza. Miaka thelathini ya kuvuta uzi na kupigilia misumari ilikuwa imekaa kwenye kifundo cha mkono ule kama mpangaji asiyetaka kuhama.

"Nyimbo tisa," akasema fundi mitambo, "saba zina ugonjwa huo huo."

Hapo ndipo aibu ya kwanza ilipozaliwa, na nawaambia ilikuwa aibu ya kipumbavu. Waya alimwonea haya mjomba wake. Alijiwazia watu wa redioni wakisikiliza, wakicheka, wakiuliza huyu babu mmemwokota wapi, na masikio yakamwaka moto.

Akawaeleza wenzake. Mwimbaji hakupepesa macho.

"Mwambie mzee. Arudie polepole, kipande kwa kipande, tutamsubiri. Kwani tunakimbilia wapi?"

"Nimwambieje kwamba mkono wake umezeeka?"

"Kwa mdomo huo huo unaoombea chai kwake kila siku!"

Kimya naye akatumia nusu ya maneno yake ya wiki. "Mwambie," akasema. "Mwambie. Mwambie."

Waya akaahidi. Akapiga moyo konde, akaenda karakana siku ya pili asubuhi, hotuba yake ameipanga neno kwa neno tangu kitandani. Mjomba alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, na kando yake amesimama mteja, mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama wa watu mwenye miwani.

"Ala! Huyo mtu mwenyewe kaja," mjomba akasema, uso umemchanua. "Mwalimu, huyu ndiye mpwa wangu niliyekuwa nakusimulia. Tunatoa albamu. Ngoma napiga mimi."

"Wewe, fundi? Kweli?"

"Muulize."

Yule mama akamgeukia Waya, na Waya, jamani, badala ya kukohoa na kuomba wazungumze faragha, akafungua mdomo na mdomo ukamponyoka.

"Kweli kabisa, mwalimu. Tena amezimaliza zote. Zimetoka safi."

Mjomba akaweka nyundo chini. "Zote? Hakuna ya kurudia?"

"Hakuna."

"Maana ule wa tano," mzee akasema, sasa kwa sauti ya chini, akilisugua gumba la mkono wa kushoto, "ule wa tano nilihisi kama mkono umenichelewa mahali. Nilitaka nikuulize."

Mlango ule! Mzee mwenyewe kaufungua, kaushikilia, kasimama pembeni ili mtu apite. Waya aliuona. Angekuja kuukumbuka kila siku.

"Hapana, mjomba," akasema. "Uko sawa."

"Basi ni wasiwasi wangu wa kizee," akasema mjomba, akacheka, akaokota nyundo. Yule mama akampongeza. Waya akatoka nje, kijasho kinamtiririka mgongoni wakati jua lenyewe halijapanda.

Uongo una njaa, ukishaulisha mara moja unarudi mlangoni na sahani. Ili ule wa kwanza usimame, ilibidi apatikane mpiga ngoma mwingine, na apige mahali ambapo mjomba hawezi kusikia. Alipatikana mwalimu wa muziki wa shule moja, dada wa miaka thelathini na kitu, aliyeitwa Bi Saa kwa sababu mapigo yake hayakupishana na saa ya ukutani. Walipeleka maikrofoni kwenye chumba chake cha muziki, chenye dari refu na madirisha ya vioo, na siku mbili zikatosha. Nyimbo zote tisa, hata zile mbili nzima ili sauti ilingane, hakuna pigo lililolala wala lililoamka mapema. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake.

Alipomaliza akafuta vijiti vyake kwa leso, akamtazama Waya.

"Aliyepiga mwanzo anajua kwamba mimi nimepiga?"

"Anajua."

"Hakuchukia?"

"Alisema sawa."

"Huyo ni mtu wa maana. Mimi ningechukia," akasema Bi Saa. "Basi jina langu liwemo kwenye jalada, hata kama kwa herufi za sisimizi."

"Litakuwemo," akasema Waya. Na usiku haujaingia alikuwa ameshampelekea mtu wa matbaa karatasi ya jalada, na mbele ya neno ngoma ameandika jina la mjomba wake. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo tulivyofundishwa, lakini huyu aliivuta ngoma ya mmoja akamvisha mwingine, na wote wawili akawaacha uchi.

Alidhani yamekwisha. Baada ya siku tatu fundi mitambo akamwita tena.

"Tuna tatizo," akasema bila kumtazama. "Mzee hajatoka."

"Hajatoka wapi?"

"Kwenye gitaa lako."

Akamsikilizisha. Kwa kuwa walipiga pamoja ndani ya chumba kimoja, maikrofoni ya gitaa ilikuwa imesikia kila kitu. Ngoma za Bi Saa zilikuwa mbele, nzito na sawasawa, na nyuma yake, ndani ya gitaa la Waya, mjomba alisikika kwa mbali akigonga, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Wakati mwingine alikwenda sambamba na Bi Saa. Ilipofika dakika ya tatu wakaachana, ngoma mbili zikakanyagana. Na mwanzoni mwa kila wimbo, ukitega sikio, alikuwa pale: Haya, wanangu.

"Siwezi kumtoa bila kutoa na gitaa," akasema fundi mitambo. "Besi ya Kimya ilipita kwenye waya moja kwa moja, haina neno. Sauti ya mwimbaji tuliirekodi baadaye. Ni wewe tu. Ama turudi kwa mzee tumwambie ukweli, ama urudie gitaa lote."

Mtu mwenye akili zake angeona hiyo ni ishara. Waya alirudia gitaa. Alirudia nyumbani kwa fundi mitambo, chumbani, kati ya kitanda na kabati la nguo, peke yake, ngoma za Bi Saa zikimdunda masikioni. Siku tano. Vidole vilikwenda pale alipovituma na si penginepo. Kila akiinua uso aliona makoti ya mwenzake yananing'inia.

Siku ya mwisho fundi mitambo akafungua mafaili ya zamani, akasogeza kiti nyuma.

"Kompyuta imejaa, lazima nifute yale ya kwanza. Lakini bonyeza wewe. Mzee alimshonea mama yangu godoro la mgongo wake unaouma, hakutaka hata asante. Mimi sibonyezi."

Waya akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, na siku sita za mjomba zikaondoka bila hata mlio.

Mkaza mjomba ndiye aliyetaka watu waalikwe. Mumewe kapiga ngoma kwenye albamu, halafu wasikilize kimyakimya kama wezi? Hata kidogo. Jumapili mchana uwanja wa karakana ukajaa majirani na wateja. Waliowahi walikaa kwenye makochi ambayo hayajamalizwa, springi zikiwachoma, waliochelewa wakapata viti vya plastiki vya kuazima. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja na miwani yake. Mwimbaji alikataa kuja. "Sina uso wa kukopa," alimwambia Waya, akakata simu. Kimya alikuja, akasimama karibu na lango akitazama viatu vyake.

Mjomba aliketi mbele kabisa, mikono juu ya magoti, vidole vikiwa tayari. Shati jeupe, kola imenyooka kama rula. Mkewe alisimama nyuma yake, kiganja begani kwake.

Wimbo wa kwanza ukaanza, na vidole vya mjomba navyo vikaanza kugonga magoti. Vilikwenda hivyo kitambo, kisha vikasimama.

Waya aliona. Watu wote walikuwa wakitikisa vichwa, yeye alikuwa hatazami mwingine ila mjomba. Mzee aliinamisha kichwa upande mmoja. Akaitazama spika. Akageuka akautazama mlango wa stoo uliofungwa, kule nyuma. Wimbo wa pili ulipoingia aliinua mikono karibu na sikio, akapiga kofi moja dogo lisilosikika na jirani, akangoja. Wimbo wa tatu hakugonga magoti tena. Alikunja mikono kifuani akasikiliza kama fundi anayeletewa kochi la fundi mwingine.

Ulipofika wa tano mkewe akashindwa kuvumilia. Akajitoa mbele ya watu, akafunga leso kiunoni, akacheza. "Huyo mume wangu huyo!" akapaza sauti. "Mnasemaje? Mwenye wake aje!" Watu wakapiga vigelegele na makofi, machozi yakimtoka mwenyewe huku anacheka. Mjomba akamtazama na kutabasamu, tabasamu la kuazima kama vile viti. Waya alitamani ardhi ipasuke, tena isipasuke polepole.

Nyimbo zilipokwisha watu wakadai neno. "Mpiga ngoma aseme! Aseme!" Mjomba akasimama, akaivuta kola yake.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Aliyepiga ngoma hizi anaijua kazi yake."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mzee anajisifu mwenyewe!" mmoja akapiga kelele, na mwalimu mkuu mstaafu akasema ana haki. Mjomba akacheka nao. Hakumtazama Waya, na hilo lilimchoma kuliko kofi. Waya alikuwa ametendewa wema mbele za watu na mtu ambaye yeye ndiye aliyemvua nguo, na sasa kila kicheko kilimwangukia yeye peke yake.

Watu walipoondoka mjomba akaanza kukusanya viti. Waya akamfuata.

"Mjomba."

"Shika hicho."

Akakishika. Wakapanga kiti juu ya kiti.

"Mjomba, mimi..."

"Mlipigia wapi?"

"Shuleni. Chumba cha muziki."

"Ndiyo maana. Nilingoja kona iitikie. Wimbo wa kwanza nikasema labda ni spika. Wa pili nikasema labda ni masikio yangu haya. Wa tatu nikasema hapana, hiki si chumba changu. Na kama si chumba changu, mimi simo." Akaweka kiti kingine. "Kilikuwa na kosa gani?"

"Chumba?"

"Chumba changu. Kilikuwa na kosa gani mpaka mkahama?"

"Hakikuwa na kosa, mjomba."

"Basi kosa nilikuwa mimi."

Waya akasema, "Mkono wa kushoto. Dakika ya tatu."

"Naujua mkono wangu wa kushoto. Nilikuuliza. Pale pale, nimepiga magoti, nilikuuliza habari za wimbo wa tano, ukaniambia niko sawa."

"Niliona haya."

"Haya yako au yangu?"

Waya alisimama na kiti mkononi, uso chini, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, akajiona yuko uani na miaka yake tisa tena.

"Mimi huwaambia watu mbao za kochi lao zimeoza," mjomba akasema. Hakupaza sauti, heri angepaza. "Wengine wamelirithi kwa marehemu baba zao. Wananuna, wengine wanalia. Lakini nawaambia. Kisha nawauliza, tufanyeje? Wewe hukuniuliza tufanyeje. Na gitaa nalo si lile."

"Nilirudia."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unasikika ndani yake."

Mjomba akaweka kiti chini. "Lile la kwanza lilikuwa tamu. Hili limepigwa na mtu mwenye woga. Lile lipo?"

"Nililifuta."

Kwa mara ya kwanza siku ile uso wa mzee ukavunjika, na si kwa ajili ya ngoma zake. "Ulikuwa umepiga vizuri sana," akasema. "Nilikuwa naisubiri ile siku mama yako huyu alisikie gitaa lile."

Waya akaanza kulia. Mjomba hakumbembeleza, wala hakumkaripia. Alimaliza safu ya viti, akafuta mikono.

"Aliyepiga ana jina?"

"Analo. Ni mwalimu, dada mmoja."

"Umeliandika?"

"Nimeandika lako."

"Lahaula! Kesho asubuhi, kabla hawajachapa, uende ukalifute langu uandike la kwake. Mimi sijawahi kutia alama yangu kwenye mshono wa mtu mwingine, na sianzi uzeeni. Na mama yako utamwambia wewe, sasa hivi. Mimi siwezi. Umemwona alivyocheza."

Waya akaingia jikoni. Alikuwa bado na gitaa begani, ndani ya mfuko wake wa maua, alisahau kulitua. Mkaza mjomba alikuwa anasuuza vikombe, na kila akisuuza kimoja anagonga kijiko ukingoni mwa beseni. Alikuwa anagonga wimbo wa tano.

"Mama," Waya akasema. "Zile ngoma si za mjomba."

Kijiko kikasimama.

"Alizipiga. Alipiga zote. Mimi nikazitoa, nikaweka za mtu mwingine, nikamdanganya. Nikawadanganya wote."

Yule mama hakugeuka mara moja. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika, akayafunga. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umezeeka toka pale uwanjani.

"Nani anajua?"

"Bendi. Fundi mitambo."

"Mjomba wako?"

Waya akafungua mdomo. Yule mama akamwahi, akamshika mkono kwa mkono wake wenye povu.

"Usimwambie. Nakuomba. Umenisikia? Wewe humjui. Kila alfajiri anaamka kabla yangu, anaviloweka vidole kwenye maji ya moto huku nyuma, anadhani sijui. Miezi minane hii. Anaogopa nikijua nitamwambia aache kazi. Leo nimemwona amekaa pale na shati lake, nikasema afadhali, hata kama mkono unakwisha, kitu kimebaki." Akauminya mkono wa Waya. "Ulilofanya ni baya, mwanangu, nami nitakuchukia kesho. Lakini leo mwache nacho. Mwache nacho hata kwa leo tu."

Nyuma yake, mlangoni, mjomba alikuwa amesimama na sinia la vikombe vya mwisho. Alikuwa amesimama pale tangu mkewe alipotaja vidole na maji ya moto. Waya alimwona, na mzee aliona kwamba ameonwa. Hakuna aliyesogea.

Kisha mjomba akakohoa, akaingia. Mkewe akageuka upesi, akajifuta macho kwa kiwiko, akavuta tabasamu kutoka sijui wapi.

"Karibu, mpiga ngoma wangu. Umechoka? Kaa nikumiminie chai."

Mjomba akaweka sinia mezani. Akavuta kigoda, akaketi. Akaikunja mikono ya lile shati jeupe, wa kulia, halafu wa kushoto, polepole, kwa vidole ambavyo sasa kila mtu mle jikoni aliona kwamba havifungi vizuri.

"Chai baadaye," akasema. "Nitilie maji ya moto kwenye bakuli, mke wangu. Mkono wa kushoto unaniuma. Unaniuma siku nyingi, nilikuwa nakuficha."

Yule mama akamtazama mumewe, akamtazama Waya, akamtazama mumewe tena, na akaelewa yote. Akachukua birika, akamimina, akapima joto kwa kidole chake, akaongeza maji ya baridi. Mjomba akautumbukiza mkono, akafumba macho. Mkewe akapiga magoti, akauingiza mkono wake humo humo ndani ya bakuli, akaanza kuvinyoosha vidole vile kimoja kimoja.

Waya alibaki amesimama na mfuko wake wa maua. Hakuna aliyemwambia akae, hakuna aliyemwambia aondoke. Alitafuta neno la kuomba radhi, yote aliyoyapata yakawa mepesi, yanaelea. Mwisho akasema lile moja alilopaswa kulisema mwezi mzima uliopita, na sauti ikamtoka ndogo kiasi kwamba alihitaji kulirudia.

"Tufanyeje, mjomba?"

Mjomba hakufumbua macho.

"Sasa ndiyo unaniuliza," akasema.